Chupa Mbili za Makangaga

Jeth 9
Leo Mwalimu Thulung aliingia darasani na tawi la kangaga refu kama mkono wangu, akaligeuza upande wa chini. "Haya madoa ya kahawia ni nini?" Nikanyoosha kidole. "Ugonjwa, Mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe ndimo zinamokaa mbegu zake, laini kama vumbi. Yeye anaziita spora. Kangaga halina ua wala tunda. Miaka yote nimechuma ningro kando ya kijito, yale machipukizi yake yaliyojiviringa kama konokono, nikala na jibini, na sikuwahi kujiuliza yanazaliwaje. Nilikuwa nachuma na dada Shobha. Jina hilo siku hizi naliandika humu tu.

Tutapanda makangaga kwenye chupa mpaka maonyesho ya kabla ya likizo ya sikukuu ya Dashain. Tumegawanywa wawili wawili, kwa namba za daftari la mahudhurio. Mimi ni kumi na tisa. Kumi na nane ni Jamuna Rasaili.

Jeth 10
Nimemwomba Mwalimu anibadilishie mwenzangu. Akaniuliza sababu. Nikainama. Akasema, "Sababu isiyotamkika si sababu, Renuka. Nenda kakae."

Sababu ni hii. Mwezi wa Mangsir uliopita, miezi sita nyuma, dada alitoroka akaolewa na Purna, kaka yake Jamuna. Wao ni wahunzi, sisi ni Wabrahmani, na nyumbani kwetu hatupokei maji kutoka mikononi mwa mhunzi. Baba alinyoa nywele zote, akavaa nyeupe siku kumi na tatu, akamfanyia dada matanga akiwa hai. Picha yake ikatolewa ukutani, msumari ukabaki. Majirani waliokuwa wakimwita mama yangu Mama Shobha sasa wanamwita Mama Renuka, na kila wanapoliita wanasita kidogo, kama mtu anayeruka dimbwi.

Hayuko mbali. Ukisimama juu ya shamba letu la iliki unaliona paa lake la bati, ng'ambo ya kijito. Ni dakika ishirini kwa miguu. Lakini Baba amesema aliyekufa hatembelewi.

Jeth 13
Tumechemsha udongo ili ukungu ufe, tukautia kwenye chupa mbili za achari, tukanyunyiza spora kutoka kwenye karatasi. Jamuna aliishika chupa yangu kuisogeza kwenye mwanga. Alipoiweka tu, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitambaa, nikaifuta pale alipoishika. Naapa sikukusudia.

"Umemaliza kuniosha?" akauliza.

Alinitazama vile anavyotazama hesabu ngumu, kisha akachukua kalamu. Kila jozi ilitakiwa kuandika swali lake. Wengine wameandika kivuli na jua, au udongo mwekundu na mweusi. Jamuna aliandika: *Je, mkono wa anayemwagilia maji unabadilisha kangaga?*

"Chupa ya kwanza natia maji mimi, ya pili utatia wewe," akasema. "Udongo mmoja, bomba moja, dirisha moja. Tuone ya nani itaoza."

Mwalimu alilisoma. Yeye ni Mrai, si Mbrahmani, na nadhani kwenye nyumba za watu fulani humu kijijini naye huishia barazani. Akasema, "Linapimika. Endeleeni."

Jeth 20
Hakuna kitu. Udongo tu.

Jeth 27
Mvua imeanza. Udongo tu.

Asar 4
Jamuna aliropoka leo tukiwa dirishani: "Wifi yangu anakula mkaa siku hizi. Anaokota vipande kwenye kibanda cha kufulia chuma, anatafuna kama karanga."

"Wifi yako nani?"

"Wifi yangu nani! Wifi yangu Shobha. Ana mimba, hujui?"

"Huyo ni dada yangu."

"Ni dada yako, sikatai. Lakini ni nani anayemfulia nguo?"

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nilirudi kwenye dawati nikajificha nyuma ya kitabu cha jiografia. Dada ana mimba, na aliyeniambia ni Jamuna.

Asar 5
Nimemwambia Mama, jikoni, Baba akiwa amepeleka maziwa ushirika. Alikuwa anapepeta mchele. Ungo haukusimama hata kidogo. Akauliza, "Miezi mingapi?"

"Sikuuliza."

"Uliza."

Mama ni mhudumu wa afya wa kujitolea wa kata yetu. Ana mkoba wa bluu, vidonge vya madini, na daftari lenye majina ya kila mjamzito. Hata kwa wahunzi huenda, ila hukaa nje barazani na hanywi chai yao. Nyumba ya dada tu ndiyo hajakanyaga tangu Mangsir.

Asar 6
Miezi saba. Mama akahesabu miezi kwa vidole, akasema, "Bhadau," kisha akaenda kulisha ng'ombe aliyekwisha kula.

Asar 15
Siku ya kupanda mpunga. Tumetupiana matope, tumekula mtindi na mchele bapa. Mwaka jana dada alinisukuma nikaanguka chali katikati ya jaruba. Mwaka huu hakuna aliyenisukuma. Nimerudi nyumbani na mgongo msafi.

Asar 21
KIJANI! Chupa ya Jamuna imeota utando wa kijani mwembamba, kama ukoga wa birika. Yangu ina madoa mawili tu. Sikuipenda furaha yake. Halafu akasema, "Na wewe utapata, tulia," kwa sauti ya kweli kabisa. Hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Saun 2
Mvua. Ruba tatu mguuni.

Saun 6
Mama ananituma na maswali kwa Jamuna, Jamuna ananirudishia majibu ya dada, na hakuna anayekiri kwamba tunafanya hivyo.

"Muulize kama miguu imevimba."

"Kidogo, jioni."

"Kichwa kinamuuma? Macho yanaona ukungu?"

"Hapana. Ila analia akisikia kengele ya ng'ombe wenu."

Hilo la mwisho Mama hakuwa ameliuliza. Jamuna alilituma mwenyewe, na mimi nikalifikisha. Mama akajifunika uso kwa ncha ya sari, akasema moshi umezidi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Saun 14
Chupa yangu imeshika ukungu, mweupe kama pamba. Nimelia mbele ya watu. Mhunzi anamwagilia, kangaga linastawi. Brahmani anamwagilia, linaoza. Wavulana wa nyuma wamenipa jina: Mkono wa Kifo.

Jamuna aliwageukia. "Nyie chupa yenu mmeimwaga mlipokuwa mkigombania dirisha. Nyamazeni." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, unaifunua mara ngapi kwa siku?"

"Nataka kuona."

"Mara ngapi?"

"Mara nne. Tano."

"Mungu wangu! Unaifunua kama chungu cha wali. Ukungu unaingia na wewe." Akasogeza chupa yake katikati ya dirisha. "Tutaangalia hii. Ila usiguse kifuniko."

Saun 15
Leo nimepeleka shuleni wali wa maziwa, kwa kuwa ni desturi kila nyumba kuupika siku hii. Nimekula na Jamuna, bakuli moja. Matonge mawili ya kwanza niliyameza bila kutafuna. La tatu lilikuwa wali tu.

Saun 28
Utando umekuwa mioyo. Sitii chumvi, kila kipande kina umbo la moyo, chembamba kama ganda la kitunguu, kidogo kuliko ukucha. Mwalimu alitupa kioo cha kukuzia. Akatueleza kwamba hili bado si kangaga lenyewe, ni hatua ya katikati. Chini ya kila moyo kuna sehemu ya kiume na sehemu ya kike, na kijichembe cha kiume lazima kiogelee kukifikia cha kike. Kisipopata maji hakifiki.

"Ni mbali kiasi gani, Mwalimu?" nikauliza.

"Nywele mbili tatu kwa upana. Lakini kukiwa kukavu watakaa jirani hivyohivyo mpaka wafe."

Wavulana wakacheka kwa sababu zao. Mimi nilipanda shambani baada ya shule, nikasimama pale juu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye lile paa. Nilibaki hapo mpaka moshi ukaisha.

Bhadau 3
Mvua siku ya tano. Barabara ya kituo cha afya imeanza kumeguka.

Bhadau 9
Kesho ni Teej, sikukuu ya wanawake. Kina baba na kina kaka wanapita njiani na miavuli, wanakwenda kuwachukua mabinti walioolewa wawalete nyumbani kwao wale, wacheze, walale kwenye vitanda vyao vya zamani. Mama amepika wali wa maziwa, samli, na mboga saba. Baba amekula bila kuinua kichwa. Mama amepika chakula cha watu sita, na sisi ni watatu.

Bhadau 10
Wanawake wamecheza mbele ya hekalu, sari nyekundu zote zimelowa. Mama alisema ana homa. Hana homa.

Bhadau 12
Haya ni ya tarehe 12, ila nayaandika siku mbili baadaye, kwa sababu siku yenyewe sikuwa na mikono ya kuandika.

Ilikuwa asubuhi, kama saa nne, mvua ikinyesha ya kukata na shoka. Tulisikia mtu anaita kutoka mpakani mwa ua. Alikuwa Purna, kajifunika gunia la plastiki, hathubutu kukanyaga ndani. Aliita kwa sauti yote: "Mama Shobha! Mama Shobha!"

Tangu Mangsir hakuna mtu aliyeita jina hilo. Mama alikuwa anasuka mkeka. Akaitika, "Abee!" kabla hajafikiri.

Purna akasema uchungu umeanza tangu alfajiri, mlima umeporomoka ukaifukia barabara, machela haipiti, na muuguzi hawezi kuvuka.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Wala hakupiga kelele, Baba si mtu wa kelele. Alisema, "Katika nyumba hii mtoto huyo alishakufa."

Mama akauchukua mkoba wa bluu msumarini. Akatoa daftari, akalifungua mbele ya Baba. Nami niliona: jina la dada lilikuwemo, kwa mwandiko wa Mama, tangu mwezi wa Asar. Umri, mimba ya kwanza, tarehe ya kutazamia.

"Mimi nimepewa wajawazito wa kata hii," akasema. "Huyu ni mjamzito wa kata hii. Nipishe."

Baba hakusogea. Mama akapita pembeni yake, bega likamgusa. Nikachukua mwavuli nikamfuata, na hakuna aliyenizuia.

Daraja la mianzi lilikuwa chini ya maji. Tulivuka tumeshikana mikono, Purna mbele, mimi katikati, Mama nyuma na mkoba kichwani. Dakika ishirini zile zilikuwa saa nzima.

Nyumba yao ina harufu ya mkaa na chuma kilicholowa. Dada alikuwa amepiga magoti, amekumbatia nguzo. Miezi tisa sikuwa nimemwona. Amekonda uso, nywele zimemganda shingoni. Alipomwona Mama hakusema kitu, alifungua tu mdomo kama mtoto anayetaka kulishwa, na sauti iliyotoka sijui niiandikeje.

"Nimekuja," Mama akasema. "Nyamaza. Pumua. Nimekuja."

Simu inashika mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe nyuma ya kibanda. Jamuna alipanda hapo na mwavuli, muuguzi akiwa upande wa pili wa simu. Mimi nikawekwa mlangoni. Kila neno lilipita kwetu.

"Anauliza kichwa kinaonekana?" Jamuna alipiga kelele.

"Mama, kichwa kinaonekana?"

"Nywele. Mwambie nywele."

"Nyweleee!"

"Anasema asisukume mpaka aambiwe!"

"Mwambie keshaanza!" Mama akasema.

Mtoto alitoka saa nane na nusu. Alikuwa wa bluu, na hakulia. Hiyo rangi naiona hadi sasa.

"Halii!" nikapiga kelele mvuani.

Jamuna akaongea na simu, akageuka. "Msugue mgongo! Kwa kitambaa kikavu! Kwa nguvu! Safisha mdomo!"

Mama akasugua. Nikamsikia anamwambia yule mtoto, polepole, kama anayemwamsha mtu kwenda shule: "Haya, inatosha. Amka. Amka bwana." Jamuna alikuwa anaita, "Vipi? Vipi? Renuka, vipi?" Kisha mtoto akakohoa kama paka, akapiga yowe. Jamuna alilisikia kutoka jiweni. Alikaa chini pale pale kwenye tope, simu mkononi, na nilimsikia anamwambia muuguzi, "Umesikia? Huyo ndiye. Huyo ndiye."

Ni msichana. Mama akampa dada vidonge vya kuzuia damu, akakaa akimpima mapigo mpaka damu ikatulia.

Baadaye Mama Jamuna alileta chai. Kwa mazoea yake ya miaka yote, aliiweka chini kizingitini, akarudi nyuma hatua mbili ili Mama aiokote bila kuguswa. Au aiache, kama anavyoiacha siku zote.

Mama akaitazama ile gilasi. "Kwani mimi mbwa, unaniwekea chini?"

Mama Jamuna akashtuka. Akaiokota, akaipangusa, akaishika hewani kwa mikono miwili. Mama akaipokea. Akanywa hadi tone la mwisho, akauliza kama kuna nyingine.

Bhadau 14
Tuliporudi, Baba alikuwa ameweka bakuli la maji kizingitini, ndani yake pete ya dhahabu, ya kututakasa. Mama alioga, kwa sababu alikuwa na damu. Bakuli alilipita, nami nikalipita nyuma yake.

Baba amehamisha jiko la mafuta barazani. Anajipikia mwenyewe.

Bhadau 15
Baba kapika. Wali umeungua.

Bhadau 17
Wali umeungua.

Bhadau 20
Jana wali ulikuwa uji. Mama aliuchungulia kwa mbali akasema, "Maji nusu, ewe mtu wa watu, maji nusu." Baba akajifanya hakusikia. Leo ametia maji nusu.

Bhadau 26
Jani! Katikati ya moyo mmoja limechomoza jani la kangaga, jembamba, limejiviringa kichwani. Jamuna na mimi tulishikana mikono tukarukaruka mpaka Mwalimu akasema sakafu ni ya mbao. Nilimwuliza Jamuna kama mtoto hajambo. Akasema ananyonya kama ndama na wamempa jina Sirjana. Mama huenda kila Jumamosi. Mimi naruhusiwa mara moja tu kwa wiki mbili, na sijui anayeniruhusu ni nani, kwa kuwa Baba haongei.

Nilikuwa nikidhani nikishamwona dada kiu itakwisha. Sasa nikiwa huko namtamani Baba awepo, na nikiwa huku namtamani dada.

Asoj 3
Maonyesho. Walikuja wazazi, wazee wa kata, na Mwenyekiti wa kamati ya shule na shali yake. Zamu yetu ilipofika, Jamuna alilisoma swali letu kwa sauti. *Je, mkono wa anayemwagilia maji unabadilisha kangaga?* Akawaeleza kwamba mkono mmoja ni wa mhunzi, mwingine wa Brahmani. Nilisikia mvua ikidondoka kwenye ndoo.

Hapo nikamwona Baba. Alikuwa amesimama mlangoni na kopo lake tupu la maziwa, akitoka ushirika.

Mwenyekiti akakohoa. "Na chupa iliyokufa ni ya nani?"

"Ya Renuka," Jamuna akasema.

"Aha. Kwa hiyo mnataka kutuambia nini? Kwamba mkono wa Brahmani unaua?"

"Hapana, mzee. Mkono wake hauna kosa. Ni kwamba hana subira. Aliifunua mara tano kwa siku."

Watu wakacheka, hata Mwenyekiti. Mwalimu akaniuliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa nimeandaa sentensi tatu nzuri, zote zikanitoka. Nikasema, "Nilikuwa nataka kuona tu."

Nilipotazama mlangoni, Baba alikuwa angalipo. Alibaki hadi mwisho, mpaka jozi ya udongo mwekundu.

Asoj 6
Dashain imeanza. Mama amepanda shayiri ya ibada gizani. Baba bado yuko barazani, lakini leo kala achari ya Mama.

Asoj 16
Siku ya tika, mchele mwekundu wa baraka unaobandikwa kwenye paji la uso. Watu walikuja tangu asubuhi kupokea baraka, paji la uso jekundu, shayiri sikioni. Baba alikaa kwenye mkeka na sahani ya mchele uliochanganywa na rangi. Alimbariki kila mtu. Mara mbili kengele ya lango ililia akainua kichwa haraka. Mara zote mbili walikuwa majirani. Jioni mchele ulibaki sahanini, na hakuruhusu sahani iondolewe.

Mama alimpelekea dada tika yake mwenyewe, ng'ambo ya kijito. Baba alimwona akifunga mchele kwenye jani. Hakumzuia.

Asoj 17
Asubuhi nilikwenda zizini kumshikia Baba ndama wakati anakamua. Kumeanuka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alikuwa amenipa mgongo, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe. Maziwa yalikuwa yanapiga kopo, churr, churr. Akasema bila kugeuka:

"Anafanana na nani?"

Nilijua anamsema nani. Lakini nikaogopa kukosea, nikauliza, "Nani, Baba?"

"Huyo mtoto."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mvua Baba kuniuliza kitu kisichohusu ng'ombe.

"Pua ni ya kwao," nikasema. "Masikio ni yako."

Sauti ya maziwa ikakatika. Ng'ombe akageuza shingo kutazama kulikoni.

"Haya yangu? Makubwa hivi?"

"Ndiyo, Baba. Maskini."

Mabega yake yalitikisika mara moja. Kama alicheka au vingine, sijui, sikuuona uso. Alikamua mpaka chuchu zikawa tupu. Nilimwachia ndama, ndama akaenda kwa mama yake, na Baba akabaki amekaa palepale kwenye kigoda, kopo katikati ya magoti, akitazama upande wa ng'ambo ya kijito.